Taa ya Breki Ikizima, Usiseme Imepona

Wenye kuuguza wanaijua homa ya vipindi. Usiku mgonjwa hutetemeka, na asubuhi akifikishwa kwa daktari huonekana kama si yeye. Magari ya siku hizi nayo yana homa hiyo. Taa ya ABS na ile ya utelezi, yenye picha ya gari na michirizi nyuma yake, huwaka njiani, kisha zikazima zenyewe mlangoni kwa fundi.

Jirani yangu mmoja hapa Mombasa alikuwa akijitayarisha kuwapeleka wajukuu arusini Malindi. Fundi mmoja akamwambia dawa ya taa hizo ni kutoa balbu. Nikamwambia, "Ami, huko si kumponya mgonjwa, ni kumziba mdomo."

Kwanza tuzielewe taa zenyewe. Nyekundu ya breki ni amri: simama. Huenda breki ya mkono haijashuka vyema, au mafuta ya breki yamepungua kwa kuvuja ama kwa kuliwa kwa pedi. Zikiwaka za manjano peke yake, breki za kawaida zingali zinashika, lakini ule msaada wa kuzuia magurudumu yasijifunge na gari lisiserereke umezimwa. Siku ya mvua utautafuta usiuone.

Na kwa nini taa mbili kwa ugonjwa mmoja? Kila gurudumu lina kijidude kiitwacho sensa, kinachohesabu mzunguko na kuipasha kompyuta habari. ABS, iliyoanza kutiwa katika Mercedes-Benz mwaka 1978, na mtambo wa kuzuia utelezi uliofuata mwaka 1995, huteka kisima kimoja. Sensa moja ikinyamaza, mitambo yote miwili hujitoa.

Kwa hivyo hatukukimbilia kununua vipuri. Mafuta ya breki tuliyakuta sawa. Betri tukaipima, kwani umeme ukipungua huzua taa za uwongo: gari likiwa limezimwa ilikuwa volti 12.6, likinguruma volti 14. Tukaunganisha mashine ya kusomea hitilafu, tukaandika nambari zote kabla ya kufuta hata moja. Kufuta kabla ya kusoma ni kuchoma barua kabla ya kuifungua. Kisha nikaendesha, mwenzangu akitazama mwendo wa kila gurudumu. Matatu yalionyesha kilomita 30. La nyuma kushoto, kila tulipopanda tuta, lilianguka sufuri.

Tukafungua kiungo cha waya wake. Shaba imegeuka kijani kwa chumvi ya bahari, na waya mmoja unaning'inia kwa nyuzi mbili tatu. Tukakata palipooza, tukaulehemu, tukaufunika maji yasiingie, tukarudi kwenye matuta yale yale. Sufuri haikuonekana tena, na sensa ilikuwa ile ile ya zamani.

Ndugu msomaji, taa ikizima usishukuru haraka. Andika iliwaka wapi: kwenye tuta, ukikata kona, mvuani, au ulipowasha gari tu. Karatasi hiyo mpe fundi pamoja na ufunguo. Abiria ni amana.