Matatizo ya Usimulizi katika Filamu za Ulimwengu Pepe

Makala haya yanakusudia kueleza tatizo moja la usimulizi katika aina ya filamu iliyozuka mwaka 1996, ambayo baadaye ilipewa jina la mashinima. Filamu hizi ni za katuni, lakini hazichorwi kwa mkono. Watengenezaji huingia katika ulimwengu pepe wa mchezo wa kompyuta, kila mmoja akiendesha kikaragosi chake. Yatendekayo humo hunaswa, huhaririwa na kutiwa sauti. Mojawapo ya filamu za mwanzo kabisa, Diary of a Camper, ilitengenezwa na wachezaji wa Quake, mchezo wa kupigana kwa silaha.

Faida yake ni gharama ndogo. Mjini Goma, ambako kituo cha Yole!Africa kilichoanzishwa na Petna Ndaliko Katondolo kimewafundisha vijana utengenezaji wa video, faida hiyo si haba. Lakini tuchukue mfano wa kijana anayetaka kusimulia habari za mchukuzi anayeteremka na chukudu, ile skuta ya mbao, iliyopakiwa magunia ya makaa, juu ya mawe meusi yaliyoachwa na mlima Nyiragongo ulipolipuka Januari 2002. Mchezo hauna chukudu. Una magari ya fahari na barabara za lami. Hapana budi ampe mchukuzi wake pikipiki, au abadili hadithi.

Tatizo hili lilimkuta Alex Chan mwaka 2005. Akiwa Ufaransa, alitengeneza The French Democracy baada ya Zyed Benna na Bouna Traoré kufa kwa umeme huko Clichy-sous-Bois, walikojificha wakiwakimbia polisi. Alitumia mchezo uitwao The Movies, na kwa kuwa haukuwa na mitaa ya Paris, kisa cha Kifaransa kikatendeka katika mandhari ya Kimarekani. Filamu ilijadiliwa sana magazetini. Hata hivyo mtazamaji hulazimika kuisahihisha picha kichwani mwake muda wote.

Mandhari, kwa maoni yetu, ni jambo dogo likilinganishwa na matendo. Kikaragosi cha mchezo hutenda yale tu kiliyoundiwa: kukimbia, kuruka, kulenga shabaha. Hakijui kupokea kitu kwa mikono miwili, kumwinamia mkwe, wala kukaa matangani. Kwa msimulizi wa Goma, mji ulioingia mikononi mwa M23 Januari 2025, kasoro hii si ya kiufundi tu. Akitaka kusimulia siku moja ya soko, siku isiyo na mlio wa risasi, anakabidhiwa mhusika ambaye bunduki imo mkononi tayari. Vita vinaingia katika hadithi kabla mwenye hadithi hajaamua.

Tofauti inaonekana tukimkumbuka Jean-Michel Kibushi, Mkongo aliyeifanya ngano ya Watetela kuwa filamu ya katuni mwaka 1991, kuhusu chura aendaye ukweni. Chura yule aliundwa kwa ajili ya ngano. Katika mashinima ni ngano inayokatwa ili imwenee kikaragosi.

Kilichobaki huru ni sauti. Fanani wa fasihi simulizi hakuhitaji chukudu mbele ya hadhira ili waione. Tena Waswahili wameshajaribu kusimulia juu ya picha zisizo zao: Derek Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu, alizifasiri filamu za kigeni kwa Kiswahili huko Dar es Salaam, akieleza, akitania, akiongeza mambo yake, na kanda zake zikanunuliwa. Hakuficha kwamba picha ni za wengine, alizizungumza.

Msimulizi wa Goma anaweza kufanya vivyo hivyo: mchukuzi apande pikipiki, na sauti iseme wazi kuwa hiyo ni chukudu, na kwamba haina injini. Hapo lakini hujitokeza swali linalotuhusu sisi wa taaluma ya lugha, yaani sauti hiyo iseme Kiswahili kipi. Tungependa isikike kwa lafudhi ya Goma, pamoja na Kifaransa chake kilichochanganyika humo, kwa maana katika filamu nzima hicho ndicho kitu pekee ambacho mchezo haukumpa.