Kabati la gemu limeisha, kingo zake utazifunika na nini hapa Tabora?



Tangu niseme hapa kwamba mimi na mdogo wangu tumejenga kabati la gemu kwa mikono yetu, maswali hayaishi. Kila anayeuliza anauliza kompyuta: ni Raspberry Pi ipi, joistiki natoa wapi, vitufe je. Wakuu, hayo ndiyo rahisi. Kompyuta unaichomeka inawaka, basi. Kilichotutoa jasho ni kitu ambacho hakuna hata mmoja aliyekiuliza, nacho ni kingo za mbao. Zile kingo za plaiwudi zinazobaki wazi ukishakata. Leo naongelea hizo tu, maana zilitukaba na kuna dogo mmoja alitoka damu.

Kwa ambao hawajawahi kuliona: kabati la gemu ni lile sanduku refu unalosimama mbele yake, skrini usawa wa uso, joistiki na vitufe usawa wa tumbo. Ndiyo yaliyocheza Space Invaders mwaka 1978 na Pac-Man mwaka 1980 huko Japani na Marekani, unatumbukiza sarafu unacheza. Sisi huku tumekulia kwenye mabanda ya PlayStation, lakini sura ya kabati wengi mnaijua kwa picha. Angalia hizo picha vizuri utaona mstari mwembamba, mara nyingi mweusi, unaozunguka ubavu wote. Ule si rangi. Ni mkanda wa plastiki wenye umbo la herufi T. Kichwa cha T kinafunika ukingo wa ubao, na mguu wake, ambao mimi nauita ulimi, unazama ndani ya mfuo uliochimbwa katikati ya unene wa ubao. Ulimi una meno madogo yaliyoelekea nyuma, kwa hiyo ukishagongwa ndani hautoki kirahisi. Hauhitaji gundi wala msumari.

Wale jamaa hawakuuweka kwa urembo. Ukingo ndiyo sehemu dhaifu kuliko zote kwenye ubao wa kiwandani. Plaiwudi ni matabaka, ukingoni yanaonekana yote na yanachanika. MDF ni mbaya zaidi, maana ukingo wake unakunywa maji kama sponji, unavimba, na ukishavimba haurudi. Sasa fikiria mvua za hapa kwetu, sakafu inadekiwa kila asubuhi, halafu wateja wanapiga mateke kabati wakifungwa. Na wakifungwa watalipiga, msijidanganye.

Haya, kisa chenyewe.

Tulikata mbavu mbili kwa plaiwudi ya milimita 18, tukapaka rangi, tukaagiza mkanda wa T mtandaoni kutoka nje. Kumbe tumeanza kinyume. Tulikaa wiki saba tunangoja. Mzee mmoja jirani akawa ananitania kwamba nimekuwa kama Livingstone wa Kwihara. Kwa wasiojua, Stanley alimwacha Livingstone pale Kwihara, kilomita chache tu kutoka mjini, Machi 1872, akaenda pwani kumtumia wapagazi na vifaa. Mzungu wa watu akangoja mpaka Agosti ndipo akaondoka. Na Burton na Speke waliondoka pwani Juni 1857 wakaingia hapa, enzi hizo Wazungu wakipaita Kazeh, mwezi Novemba. Yaani Tabora tuna historia ndefu ya kungoja mzigo.

Wiki hizo saba kabati halikulala. Mdogo wangu hakuwa na subira, akaliwasha, akawaruhusu watoto wa mtaani wacheze. Siku ya tatu dogo mmoja wa darasa la nne akaburuza kiganja kwenye ukingo wa meza ya vitufe, kibanzi cha plaiwudi kikaingia karibu na kidole gumba, kirefu kama kijiti cha kiberiti. Mama yake alikuja. Sitaandika alichosema. Nikazima umeme mwenyewe, kabati likafunikwa kanga.

Mkanda ukafika. Ulikuwa wa inchi robo tatu, yaani milimita 19, kwa ubao wa 18. Hiyo haina shida, milimita moja iliyozidi unaikata kwa wembe. Shida ilikuwa mfuo. Ulimi wa mkanda wetu ulikuwa na unene wa kama milimita 2, na mfuo unatakiwa uubane. Tukampa fundi wa kuchomelea atuchimbie kwa grainda, eti diski ni nyembamba. Diski ilikuwa ya milimita 3, na mkono unatetemeka, mahali pengine mfuo ukawa wa 4. Tukagonga mkanda, ukaingia kwa raha zake, na ukatoka kwa raha zake. Watoto waliuvua siku hiyo hiyo wakaufanya kamba ya kurukia.

Kwa hiyo kama una mkanda wa T wa kweli, sikiliza. Mfuo unachimbwa kwa mashine ya ruta yenye kisu cha msumeno mdogo wa duara na beringi inayotembea juu ya ukingo. Mafundi wanaotengeneza makabati ya jikoni wengi wana ruta, ila kile kisu chembamba ndicho adimu, ulizia kwanza. Pima ulimi kabla ya kununua kisu. Mikanda mingi inataka mfuo wa milimita 1.6 au 2.4. Jaribu kwenye kipande cha mabaki, mkanda uingie kwa kugongwa na nyundo ya mpira. Ukiingia kwa kidole, mfuo ni mpana. Kwenye kona za kuzunguka, kata vipembe vya V kwenye ulimi ili upinde, na upashe moto kidogo kwa draya ya saluni. Na kama 19 juu ya 18 inakukera, bandika fomaika ya milimita moja upande wa nje wa ubao, unapata 19 kamili. Ila hapo kumbuka kuhesabu katikati upya kabla ya kuchimba.

Na kama umeshaharibu kama sisi? Mfuo mpana unajazwa kijiti cha mbao kwa gundi nyeupe, unaacha ukauke hadi kesho, unaranda, unachimba upya. Sisi tulijaza lakini hatukuchimba tena. Hamu ya mkanda wa T ilikuwa imetuisha.

Tukaenda Ng'ambo kwa fundi seremala mmoja mzee ambaye kazi yake ni milango. Nikamsalimia shikamoo, akaitikia marahaba, nikamwekea ubavu wa kabati mbele yake. Akaugeuza mara mbili akauliza, "Mwanangu, hiki ni kitanda au jeneza?" Nikamweleza. Akanyamaza, halafu akaniuliza kama nimewahi kwenda kuutazama ule mlango wa tembe la Kwihara. Mlango wa kuchongwa, mtindo wa pwani, uliokuja huku na njia ile ile ya misafara. Nikasema niliuona tukiwa shule, lakini sikuutazama. Akasema milango ya namna ile ina mbao mbili na katikati kuna mfaa, ule mti wa kusimama uliopigiliwa kwenye ubao mmoja na kufunika mwanya wa mwenzake. Mfaa ni mbao nene na ngumu, unachukua vishindo vyote, na ukichakaa unabadilisha mfaa, hubadilishi mlango. "Hiyo plastiki yako ya Ulaya inafanya kazi ya mfaa," akasema. "Mfaa tunao."

Akainama chini ya meza yake akatoa rundo la vipande vya mninga.

Ndugu zangu, tunaishi katikati ya miombo halafu tunaagiza plastiki ng'ambo ya bahari. Mninga ndiyo mbao ya milango na vitanda ya nchi hii, ni mgumu kiasi, mchwa hawaupendi, na sifa yake kubwa kwa kazi yetu ni kwamba ukishakauka hauchezi sana, haujikunji wala kupanuka hovyo mvua zikija. Karakana yoyote ya milango ina mabaki: vipande vyembamba vinavyobaki ubao ukipasuliwa. Kwa seremala hizo ni kuni. Sisi tulichukua fungu zima kwa bei ya soda mbili. Chukua mabaki ya karakana inayojulikana, usinunue ubao unaouzwa usiku usiku. Mninga unavunwa kwa kibali, na TFS wakikukuta na mbao isiyo na karatasi gemu litakuwa limeishia hapo.

Kazi yake iko hivi. Fundi anakupasulia fito za unene wa milimita 5 au 6 na upana wa 20, yaani zizidi ubao kidogo pande zote mbili. Piga msasa ukingo wa plaiwudi uwe sawa, paka gundi nyeupe ya mbao, laza ufito, bana. Hatukuwa na vibanio vya kutosha, tukatumia tyubu ya baiskeli iliyokatwa vipande virefu, unaizungushia ubavu mzima ukiivuta kwa nguvu. Inabana vizuri ajabu, na Tabora tyubu mbovu za baiskeli hazijawahi kuadimika. Kesho yake unaranda ile ziada mpaka ufito na plaiwudi viwe uso mmoja. Kwenye kona kali kata ncha za fito kwa nyuzi 45 zikutane. Halafu vunja makali yote kwa msasa. Pale mkono wa mchezaji unapolala, mbele ya vitufe, usivunje tu, viringisha kabisa kama ukingo wa kinu, maana kifundo cha mkono kitakaa hapo saa nzima. Vaa kitambaa puani, vumbi la mninga linawasha, mimi nilipiga chafya siku mbili.

Kumalizia tulipaka nta. Nta ya nyuki, ya hapa hapa kwetu, imeyeyushwa kwa kuwekwa ndani ya maji ya moto (usiiweke moja kwa moja motoni), ikachanganywa na mafuta kidogo. Unasugua kwa kitambaa. Mninga unageuka rangi ya chai ya rangi. Vanishi ni ngumu zaidi, sibishi, lakini vanishi ikikwaruzwa unaanza upya, nta unasugua tena tu.

Ufito una udhaifu mmoja, haupindi. Mbavu zetu zina mapindo mawili, moja juu ya skrini na moja chini ya vitufe, na mninga wa milimita 5 hapo unavunjika tu. Unaweza kupasua fito za milimita moja na nusu ukabandika tatu juu ya nyingine, ila ni kazi ya subira ambayo familia yetu haina. Kwa hiyo kwenye mapindo tuliweka ile tepu ya PVC wanayotumia watu wa makabati ya jikoni, wao huiita ejingi. Ya upana wa milimita 22 ndiyo kawaida kwa ubao wa 18. Chukua yenye unene wa milimita 1 au zaidi, ile nyembamba kama karatasi itabanduliwa kwa kucha. Gundi ni ile ya njano ya mafundi viatu: paka ubao, paka tepu, ngoja zote zikauke mpaka kidole kisinate, ndipo ugandishe. Ukigusisha imeshika, hakuna kusogeza, kwa hiyo anza taratibu. Fanyia nje, mbali na moto na sigara, moshi wake si wa kuchezea. Ziada unaiondoa kwa tupa, ukisukuma kuelekea ndani ya ubao. Ukivuta nje unaibandua mwenyewe.

Wapo watakaokwambia utumie mpira wa mlango wa gari. Nimejaribu. Ule umetengenezwa kushika bati, hauingii kwenye ubao wa 18. Bomba la maji la robo tatu ukilipasua kwa urefu linaingia, linakaa kama wiki moja, na kabati linafanana na mgonjwa mwenye bandeji.

Kosa letu kubwa, kama nilivyogusia juu, lilikuwa mpangilio. Chagua cha kufunika kingo kwanza, ndipo ununue ubao na kuchora mapindo. Ukiamua ejingi au T, chora pindo lisiwe kali kuliko duara la kopo la rangi la lita moja. Ukiamua mninga mtupu, chora kabati la mistari minyoofu, na ukate ubavu mdogo kwa unene wa ufito, la sivyo kabati litakua upana. Urefu pima kwa uzi: zungusha uzi pale tu panapoonekana, mgongo na chini hapana haja, halafu ongeza sehemu moja ya kumi. Kabati letu la mita 1.7 lilitaka mita 5 na nusu kwa mbavu zote mbili, ukiacha meza ya vitufe.

Kanga imeondolewa. Yule dogo wa kibanzi amerudi, na mama yake alikuja naye mara ya kwanza, akapitisha kiganja kwenye ukingo wote, juu mpaka chini, kabla hajamruhusu kushika joistiki. Kimebaki kitu kimoja kinatusumbua: chini kabisa, karibu na sakafu, ejingi imeanza kuinuka kwa sababu ya maji ya deki. Nafikiria kulinyanyua kabati kwa miguu ya mninga ya sentimita 3. Aliyewahi kufanya hivyo aseme hapo chini kama halikuyumba wateja wakilipiga mateke.