Ndoa ya Babu na Bibi Imeandikwa Wapi?

Mjane anapotakiwa kuthibitisha kwamba marehemu alikuwa mume wake wa ndoa, au mjukuu anapotaka kujua asili ya ukoo wake, mara nyingi jibu la nyumbani ni moja: cheti kilipotea zamani. Tusikate tamaa mapema. Cheti ni dondoo tu. Maandishi yenyewe yamo katika kitabu cha ndoa cha parokia, na Kanisa linaagiza vitabu vya zamani vitunzwe kwa uangalifu.

Lakini parokia ipi? Wengi huanzia kwa babu, kumbe yafaa kuanzia kwa bibi. Sheria za Kanisa za mwaka 1917, zilizotumika hadi 1983, zilielekeza ndoa ifungwe kwa kawaida mbele ya paroko wa bibi arusi. Hivyo babu aliyekuja kuwa manamba katika mashamba ya mkonge ya Muheza au Korogwe, akaoa binti wa Usambara, huenda ameandikwa Gare, ambako Watrapisti walianzisha misheni mwaka 1897, wala si kule alikofanyia kazi.

Parokia ya ndoa isipojulikana, tafuteni ubatizo. Tangu Pasaka ya 1908, kwa amri iitwayo Ne temere, ndoa inapaswa kunukuliwa pia pembeni mwa jina la kila mwanandoa katika kitabu cha ubatizo. Agizo hilo lingali hai katika kanuni ya 1122. Aliyebatizwa kigangoni atafutwe katika vitabu vya parokia mama.

Hapa familia nyingine hushtuka: tarehe ya ndoa kanisani yaja baada ya kuzaliwa mtoto wa kwanza, au ndoa haionekani kabisa. Msiwahukumu wazee. Wengi walioana kimila kabla ya kubatizwa. Nayo ndoa halali ya watu wawili wasiobatizwa huwa sakramenti pindi wote wawili wanapobatizwa, bila kufungwa upya. Kwa watu hao kitabu cha ubatizo huenda ndicho ushahidi pekee.

Pwani yetu ni ya dini nyingi. Bibi Mkatoliki aliyeolewa na Mwislamu kwa ruhusa ya Kanisa ataonekana katika kitabu chetu, na ruhusa hiyo imetajwa. Wazee wengine wa Bonde walifunga ndoa kwa Waanglikana wa Magila, na wa Mlalo kwa Walutheri. Huko nako tubishe hodi kwa heshima.

Kitabu kikiwa kimeharibika, ulizeni ofisi ya jimbo, kwa kuwa sheria ile ya 1917 iliwataka maparoko kupeleka huko nakala kila mwaka. Kabla ya 1950 Tanga ilikuwa chini ya Vikarieti ya Kilimanjaro, basi ulizeni na Moshi. Kwa ndoa zilizofungwa chini ya Sheria ya Ndoa ya 1971, ulizeni pia RITA.

Mwandikieni paroko barua badala ya kumsimamisha mlangoni baada ya Misa. Tajeni majina ya ubatizo na ya ukoo, wazazi, kigango na mwaka wa kukadiria. Vitabu vya kale ni vya Kilatini: Yohane ni Joannes, na testes ni mashahidi. Kitabu atakifungua paroko mwenyewe, maana kurasa hizo zina habari za familia nyingine pia.