Vumbi la Kijani Katika Ghala la Mahindi

Vumbi la kijani lenye umanjano linalotanda juu ya punje za mahindi yaliyowekwa ghalani kabla ya kukauka ni spora za kuvu aitwaye Aspergillus flavus, yaani chembe za uzazi ambazo kila moja huweza kuota na kuwa kuvu kamili bila kuungana na chembe nyingine.

Mwili wa kuvu huyu ni nyuzi nyembamba mno, ziitwazo haifa, ambazo hupenya ndani ya punje, huyeyusha wanga na mafuta kwa vimeng'enya, kisha hufyonza kilichoyeyuka. Baadhi ya nyuzi husimama wima hewani, ncha zake huvimba mfano wa rungu, na juu ya uvimbe huo huota seli zenye umbo la chupa; kiini cha seli hugawanyika, nakala moja husukumwa hadi mdomoni mwa chupa na kujengewa ukuta, kisha nyingine huisukuma kutoka chini, hata ukatokea mnyororo ambao spora iliyo mwishoni kabisa ndiyo kongwe kuliko zote. Spora hizi huitwa konidia, nazo huzaliwa zikiwa wazi, tofauti na za kuvu wa mkate, Rhizopus, ambazo hukomaa ndani ya kifuko.

Kwa kuwa hapana mchanganyiko wa wazazi wawili, kila konidia hubeba urithi uleule wa kuvu aliyeizaa, ukiwemo, kwa walio nao, uwezo wa kutengeneza sumukuvu iitwayo aflatoksini, ambayo moto wa jikoni hauiondoi. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, waliripotiwa wagonjwa 317 wa sumu hiyo, na 125 kati yao walikufa: msiba mzito mno kwa chakula cha kila siku.

Urithi huohuo ndio unaotegemewa na Aflasafe, dawa inayotumika Kenya na Tanzania, ambamo punje za mtama zisizoweza kuota hupakwa konidia za nasaba zisizotengeneza aflatoksini na kumwagwa shambani wiki mbili au tatu kabla ya mahindi kutoa mbelewele. Unyevu ukizipata, kuvu huota, hula mtama na kutoa konidia zinazopeperuka hadi kwenye mahindi na kuwahi nafasi ambayo ingeshikwa na kuvu wenye sumu. Hata hivyo, mahindi yaliyokingwa hivyo bado hupaswa kukaushwa hadi unyevu usizidi asilimia 13.5, tena yakianikwa juu ya turubai, kwa maana udongo mtupu ndio makazi ya konidia.