Arobaini ni Mpango wa Kazi

Pwani ya Tanzania, Bara na Visiwani, mwanamke anayejifungua mara ya kwanza aghalabu hurudi kwao. Mume hubaki na nyumba yake, jioni akaja kuchungulia na kuku au fungu la samaki mkononi. Mzazi, maana ndivyo anavyoitwa sasa, hukaa ndani siku arobaini mikononi mwa mama yake, mashangazi na mwanamke mzoefu wa kukanda.

Wapo wanaoiona arobaini kama kifungo. Mimi naiona ni mpango wa kazi. Mtoto mchanga hutaka ziwa kila baada ya saa mbili tatu, usiku na mchana, na ziwa hutoa kadiri linavyonyonywa. Mwanamke anayechota maji, anayepika na kufua, ataitoa wapi nafasi hiyo?

Asubuhi hukandwa kwa maji ya moto, kisha tumbo likafungwa mkanda. Halafu huja uji wa pilipili manga wenye tangawizi, iliki na samli kidogo, na bibi husimama hapo hapo mpaka bakuli liishe. "Kunywa, mwanangu. Maziwa hayaji na tumbo tupu." Mchana ni mchuzi wa kuku wa kienyeji au supu ya pweza. Sifa zote hupewa pilipili manga na pweza. Mimi nampa huyo bibi aliyesimama.

Siku za mwanzo, mtoto akilikamata ziwa tu, tumbo la chini hukaza mpaka mzazi mgeni akadhani ameumia. Wazee humwambia ni chango, tumbo linajirudi. Na kweli, kunyonyesha huufanya mji wa mimba usinyae na kupunguza damu. Chuchu zikipasuka, shangazi haanzi na dawa. Hukishika kichwa cha mtoto, akangoja kinywa kipanuke, kisha akamsogeza kwa mkupuo mmoja: "Mpe na weusi wake, usimpe ncha." Hilo ndilo analofundisha muuguzi wa kliniki.

Mashangazi na kliniki hawakupatana kwenye mengine. Dang'a, yale maziwa mazito ya njano ya siku za kwanza, yalikuwa yakikamuliwa na kumwagwa kwa kudhaniwa machafu, ilhali ndiyo kinga ya kwanza ya mtoto. Kijiko cha maji ya kulainisha koo bado kinapitishwa kwa siri, ingawa ziwa lina maji ya kutosha hata msimu wa kaskazi. Na kubemenda, ile imani kwamba wazazi wakilala pamoja mtoto akiwa bado ananyonya humdhoofisha! Mtoto akidhoofu, majirani huanza kuhesabu usiku wa wazazi wake. Mwiko ule uliwapa wanawake nafasi kati ya mimba na mimba, sikatai, lakini aibu humwangukia mama peke yake, hata pale mtoto anapokuwa na malaria.

Kuazima ziwa nako kuna taratibu zake. Kwa Waislamu wa mwambao, ambao wengi ni Mashafii, mtoto akinyonyeshwa mara tano kamili na mwanamke mwingine kabla ya kutimiza miaka miwili, huwa mwanawe wa kunyonya, wala hawezi kumwoa binti wa huyo mama. Ndiyo maana jambo hilo halifichwi. Jamaa wote huambiwa.

Mjini, arobaini mara nyingi huishia chumba cha kupanga, mama mkubwa akija wiki mbili na kurudi shambani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa wa Bara likizo ya siku 84, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, wakati kliniki inamtaka anyonyeshe bila kitu kingine miezi sita. Akirudi kazini ana haki ya hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Lakini mtoto yuko Mbagala na ofisi iko Posta, kwa hiyo wengi hutumia saa hizo kutoka mapema, na foleni ya daladala huzila. Nyumbani, aliyeachiwa mtoto anayelia hukichukua tena kile kijiko cha maji.