Maji ya Mvua Yapitayo Mitini: Hali Yake na Hukumu Yake

Sifa zote njema anazistahiki Allah (s.w.), ambaye katika Surat al-Furqan, aya ya 48, ameyaita maji ya mvua kuwa ni twahuri, yaani ni safi yenyewe na yanasafisha kingine. Suali ni hili: mvua iliyopita kwenye majani na magome, ikageuka rangi, je, yafaa kutawadhia?

Kwanza tuijue hali yake. Mvua inyeshapo msituni, baadhi ya maji hunaswa na majani yakakauka na kurudi angani. Mengi hudondoka chini, na machache huteremka kwa shina. Hivyo kwa kawaida maji yafikayo ardhini ni pungufu. Lakini kwenye ukungu wa miteremko ya juu ya Mlima Meru, matawi hukamata matone ya ukungu na kuyaongeza. Maji hayo huosha vumbi, na huchukua madini ya majani, hasa potasiamu, na rangi ya magome.

Ama hukumu, wanazuoni wa madhehebu ya Imam Shafi'i, akiwemo Imam an-Nawawi (aliyefariki mwaka 676 Hijria), wamebainisha kuwa mabadiliko madogo yasiyoondoa jina la maji hayadhuru. Vilevile hayadhuru mabadiliko yatokanayo na kisichoepukika, kama udongo, ukoga na majani yaliyoanguka yenyewe. Lakini mtu akiyatwanga majani na kuyatia kusudi, yakageuza maji mno, maji hayo hubaki tohara ila hayaondoi hadathi.

Hata hivyo, ndugu Waislamu, twahuri si lazima yawe salama kunywa. Mito na chemchemi nyingi za Meru, kama za Maji ya Chai, zina floraidi nyingi itokanayo na miamba ya volkano. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Ikizidi sana huharibu meno na mifupa ya watoto. Maji hayo yanafaa kwa udhu, lakini kuyanywa miaka mingi kuna madhara.

Kwa hiyo maji ya mvua ni neema kubwa kwa misikiti na madrasa za Arusha. Paa la kukingia lisifunikwe na matawi, kwani hupunguza maji na kuleta kinyesi cha ndege, ambacho kwetu ni najisi. Maji ya mwanzo ya mvua yamwagwe, ndipo tangi lijazwe.

Wallahu a'lam.