Neno la Siri Halipigiwi Kelele Ziwani

Kila askari wa zamu ajua kwamba neno la siri halipigiwi kelele. Usiku, mbele ya mwambao wa Rumonge, wavuvi wa dagaa huwasha taa zao ziwani. Mwenye kulitamka neno hilo kwa sauti juu ya maji amewapa wote walioko kati yake na ufuko.

Hivyo ndivyo ifanyavyo njia ya zamani ya kuingia katika kompyuta iliyo mbali, iitwayo Telnet, iliyoanza mwaka 1969. Ofisa wa Rumonge akiitumia kuifikia kompyuta iliyoko Bujumbura, umbali upitao kilometa 70, neno lake husafiri wazi, na aliyeshika mtambo wowote wa njiani aweza kulisoma.

Mwaka 1995, baada ya maneno ya siri kuibwa katika mtandao wa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Helsinki, Ufini, mtaalamu Tatu Ylönen alibuni njia ya SSH, igeuzayo mazungumzo yote kuwa fumbo. Litumike toleo la pili. La kwanza lina dosari.

Hata hivyo, neno la siri hubahatishwa na mitambo ya wahalifu usiku na mchana. Bora ni jozi ya funguo: ufunguo wa wazi huwekwa Bujumbura, wa siri hubaki kwa ofisa, nao hutia sahihi bila wenyewe kusafiri. Kila mtu awe na wake, uliofungwa kwa maneno ayajuayo yeye tu. Ukiibwa, mwenzi wake wa wazi huondolewa Bujumbura mara moja, na wengine huendelea na kazi.

Linalopuuzwa mno ni hili: mara ya kwanza kompyuta ya mbali huonyesha alama yake ya utambulisho, na wengi hukubali pasipo kuisoma. Je, askari arudiye kambini usiku hataki kujua kama mlinzi aliye langoni ni wa kwao? Alama hiyo ipatikane kwa njia nyingine, kama vile karatasi iliyoletwa na mtu ajulikanaye, kisha ilinganishwe herufi kwa herufi.

Funguo zikisha kujaribiwa, mlango wa maneno ya siri ufungwe kabisa. Fundi afanyapo hivyo asikate mawasiliano aliyo nayo kabla ya kufungua mengine ya majaribio, asije akajifungia nje, ikambidi kushika barabara ya Bujumbura.